Mbavu Kumi na Nne ni za Marehemu

Gabrovo, 9 Septemba 1994

Mdogo wangu Anastas,

Salamu zitangulie, maneno yafuate. Sisi hapa tupo, wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mama ametimiza miaka tisini na moja Jumapili iliyopita: keki alikula yeye, mishumaa nilipuliza mimi. Pilipili tumekwisha kuzichoma na kuzitia chupani. Paka amezaa tena. Watoto wake hatujawakata mikia. Unajua kwa nini huku kwetu hukatwa, mlango ufungwe upesi joto lisitoke, lakini mwaka huu hakuna joto la kulindwa.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Nataka rejeta. Si ya gari. Nataka ya chumbani, yale machuma yenye mbavu yanayopitishwa maji ya moto, ambayo wewe unayajua kuliko unavyotujua sisi.

Fundi Kanyo wa mtaa wa chini amepata boila kuukuu na atatufungia pale chini ya nyumba. Kwa sasa nyumba nzima ina moto mmoja tu, wa jiko la kuni, na Mama analala palepale jikoni kwenye benchi. Mimi nalala sakafuni kando yake, maana jiko lile linataka kuni kila baada ya saa mbili, kama mtoto mchanga. Majira ya baridi yaliyopita sikulala usiku mzima hata mara moja. Silalamiki. Lakini nina miaka sabini, na mwezi wa pili nilisinzia kanisani nikamwangukia mke wa padri.

Ninachotaka ni kidogo: Mama ahamie chumba kikubwa chenye joto, nami nirudi kitandani kwangu nilale kama binadamu. Kanyo hajui kuhesabu mbavu. Kila nyumba huweka saba, kwa sababu saba ndizo anazoweza kubeba. Chumba ni mita nne kwa tano, dari mita mbili na sentimita sabini, madirisha mawili, moja la kaskazini. Niambie mbavu ngapi. Ama njoo uhesabu mwenyewe, treni bado zinatembea.

Dada yako,
Dobrinka

Mama anasema uvae soksi.


Varna, 30 Septemba 1994

Dada yangu Dobrinka,

Pokea salamu za huku baharini, ambako watalii wameondoka na kutuachia shakwe. Afya yangu ni njema ukiacha goti. Soksi nimevaa. Mpe Mama hongera za miaka yake, na mke wa padri mpe pole.

Umefanya vyema kuniuliza mimi badala ya kumwachia Kanyo. Miaka thelathini na moja nimefunga rejeta katika hoteli za ufukweni, na hakuna mgeni hata mmoja aliyewahi kulalamikia baridi. Kosa la watu ni kununua rejeta kama wanavyonunua tikiti maji: wanagonga gonga, kisha wanachukua kubwa kuliko zote. Ikizidi, chumba kinakuwa tanuri, mtu anafungua dirisha, na boila yako inawapasha moto wapita njia. Ikipungua, mnavaa makoti ndani ya nyumba yenye boila, na hiyo ni aibu kuliko kukosa boila.

Hesabu ni hii. Ubavu mmoja wa chuma cha zamani unatosha mita moja na nusu za mraba. Nne mara tano ni ishirini. Ishirini ukigawa kwa moja na nusu unapata kumi na tatu na kitu. Hicho kitu ndicho kinachoua wazee, kwa hiyo tunapanda juu: kumi na nne. Ifungwe chini ya dirisha la kaskazini, na Kanyo asithubutu kuifunika kwa kabati.

Kuhusu kuja, tutazame mwakani. Sasa nina mambo mengi.

Mbusu Mama,
Anastas


Gabrovo, 8 Oktoba 1994

Anastas,

Huku hatujambo. Kabichi tumeitia kwenye pipa, na Mama ameketi juu ya kifuniko badala ya jiwe. Barua yako tumeisoma mara mbili. Mwanamume mzima unajisifia hoteli zinazofunguliwa Mei na kufungwa Septemba! Hata ningefunga rejeta za karatasi, nani angelalamika?

Kanyo alileta zile kumi na nne Alhamisi, akiwa amezipakia kwenye toroli. Mama akatoka jikoni na fimbo yake, akazihesabu kwa kidole, akazirudia.

"Hizi ngapi, wewe?"

"Kumi na nne, Bibi Stana. Ndivyo alivyoagiza Anastas."

"Maua ya jozi hupelekewa nani?"

"Marehemu, Bibi."

"Na mimi ni marehemu?"

"Mungu apishe mbali, Bibi, wewe mzima kabisa!"

"Sasa mbona unaniwekea mbavu za jozi kichwani pangu? Ndicho mnachokingoja?"

Kanyo akaona isiwe tabu, akafungua ubavu mmoja, zikabaki kumi na tatu, namba ya mkosi. Mama akapiga ishara ya msalaba. Kanyo naye alipozihesabu akapiga ishara ya msalaba, akaurudisha ule ubavu haraka kabla shetani hajaona. Kilichobaki ni kumi na tano, na ubavu wa kumi na tano hana. Amekwenda kuutafuta, na toroli ameliacha katikati ya ua.

Hilo ningelimaliza. La pili ndilo lililonivunja nguvu. Mama hataki chumba kikubwa kipashwe moto hata kidogo. Anasema kile ni chumba cha kulaza maiti, Baba alilazwa pale, na yeye atalazwa palepale, na chumba kikiwa cha moto hatakaa.

"Baba yako alikaa siku tatu," akaniambia, "na Anastas akaja ya nne, tumeshazika. Yule mtoto huchelewa. Mimi nitahitaji siku tano, pengine sita. Kiacheni kiwe baridi nimsubiri."

Nikamwambia, Mama, unaweza kumsubiri ukiwa hai.

Akasema, "Nikiwa hai haji."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza chumvi. Mimi bado nipo sakafuni kando ya jiko. Njoo umwambie wewe, maana fimbo ya mbali haiui nyoka.

Dobrinka


Varna, 2 Novemba 1994

Dada yangu,

Nisamehe kwa kukawia, barua yako ilizunguka sana njiani. Natumaini Siku ya Mtakatifu Dimitri mmeila vizuri. Huku upepo umeanza, na jirani yangu kaniletea samaki watatu.

Suala la rejeta nimelifikiria kwa kina na jawabu ni koki. Fungeni mbavu kumi na tano, na kwenye bomba la kuingilia pawe na koki. Wakati ule ukifika, Mungu aucheleweshe, mtaifunga. Nimepiga hesabu: koki ikifungwa na dirisha la kaskazini likiwa wazi, mwezi wa kwanza chumba kinashuka mpaka nyuzi nne kwa muda wa saa sita. Pasipo dirisha ni saa kumi na nne. Mwambie Mama hatapata hasara yoyote.

Kuhusu habari ya siku ya nne, mwaka ule reli ilikuwa na theluji. Hilo nilishalieleza.

Kinachoninyima raha ni hizo mbavu kumi na tano. Kwa mita ishirini ni nyingi, na mimi sijawahi kufunga rejeta isiyolingana na chumba. Hebu pima tena kwa makini. Ikiwa chumba kinazidi japo kidogo, basi kumi na tano itakuwa halali na nitatulia.

Goti ni lilelile,
Anastas


Gabrovo, 10 Novemba 1994

Anastas,

Theluji ya kwanza imeanguka jana, na toroli la Kanyo limefunikwa uani. Ubavu bado anautafuta. Mama nimemsomea habari ya koki. Akafikiri kidogo, akasema, "Saa sita dirisha wazi? Paka ataingia." Kwa hiyo hapo hatujasonga mbele.

Nimepima kama ulivyoagiza. Futi ya kupimia Kanyo ameondoka nayo, nikatumia uzi wa kufumia, Mama akashika ncha moja. Ukuta wa kaskazini ni mita tano na nusu. Wa kusini ni sita na robo. Wa mashariki ni nne, na wa magharibi, unaoutazama ule wa mashariki, ni nne na sentimita themanini. Pembe zote nne ni za mraba kabisa, nimezihakikisha kwa sanduku la viatu. Urefu wa dari unategemea umesimama wapi.

Kanyo anasema kwa vipimo hivyo zinatakiwa mbavu kumi na tano, ama ishirini na moja, ama nyumba mbili. Sisi hatuna elimu ya hoteli, tunakungoja wewe. Huenda chumba kimekua. Miaka tisa tangu tumzike Baba si michache.

Dobrinka


Varna, 17 Novemba 1994

Dobrinka!

Chumba chenye pembe nne za mraba hakiwezi kuwa na kuta nne zisizolingana! Haiwezekani Gabrovo, haiwezekani Varna, haiwezekani popote chini ya jua! Kile chumba Baba alikijenga kwa mikono yake nami nikiwa namshikia uzi wa timazi. Tangu barua yako ifike nachora na kufuta, nachora na kufuta. Jana nimechora kwenye kitambaa cha meza.

Jumamosi tarehe 26 naja kwa treni ya asubuhi. Sikai. Napima, naandika, Jumapili narudi. Mpaka hapo uzi usiguswe, sanduku la viatu lisiguswe, na Kanyo asiingie ndani.

Nimesahau kukusalimu. Hamjambo?

Anastas


Gabrovo, 26 Novemba 1994
(Hii ipo mezani, chini ya kopo la chumvi)

Mdogo wangu,

Karibu nyumbani. Salamu utapewa na Mama.

Chumba ni mita nne kwa tano, kama Baba alivyokijenga. Uzi haukuwa na kosa, mimi ndiye niliyeurefusha. Nilijua kwa Mama hutakuja na kwangu hutakuja, ila kwa ukuta uliopinda utakuja hata kwa magoti.

Unaposoma haya mimi nimo ndani ya treni ileile uliyoshukia, maana hugeuka baada ya dakika ishirini. Naenda kwako. Ufunguo uliniachia mwaka ulipohamia Varna, ukasema nitakapotaka kuiona bahari nije tu. Sasa nimetaka. Kanyo nimemwomba akae na Mama mpaka uingie. Usimfukuze kabla hajakuonyesha boila.

Kuni ni kila saa mbili. Supu ya Mama haitiwi chumvi, lakini ukiulizwa sema imetiwa. Akisema anakufa mpe chai. Akisema yu mzima kabisa, hapo ndipo umwite daktari.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa ni zamu yangu kupona.

Dobrinka


Gabrovo, 11 Desemba 1994

Dobrinka,

Hii ni barua ya tatu na hujajibu hata moja. Ulichonifanyia si haki. Watu wazima hawaviziani hivi. Nimekuja na shati moja na futi moja, na sasa nafua lile shati huku nimevaa koti la Baba.

Nimepima. Ni nne kwa tano, pungufu sentimita mbili upande wa mlango, na hizo ni plasta.

Nilipoingia Mama hakushtuka hata kidogo. Akanitazama miguuni, akasema, "Umechelewa. Kula." Nilikula. Kanyo alikuwa amekaa pembeni anacheka, nami nikamwambia mtu anayefunga mbavu saba kila nyumba hana haki ya kucheka. Akanijibu, "Mzee, mimi saba zangu zinawaka."

Ubavu wa kumi na tano umepatikana. Ulikuwa shuleni, mlango ukizuiwa nao usijifunge. Nikamkalisha Mama chini nimweleze habari ya koki kwa utaratibu: saa sita, nyuzi nne, paka tutamfungia jikoni. Alinisikiliza mpaka mwisho kama unavyomsikiliza mgonjwa.

"Koki ya nini tena?" akasema. "Baridi nilikuwa naitaka ya kukusubiria. Si umeshafika? Washa."

Tukawasha. Niliposhika ubavu wa mwisho nikaukuta nao una moto, nikaona haya kwa jinsi nilivyofurahi. Tatizo ni moja tu, chupa za achari ulizoziacha mle ndani. Tangu juzi zinachacha na kufyatua vifuniko. Kila kimoja kikilia Mama anasema, "Karibu."

Rudi. Sikukuu ya kuzaliwa Bwana inakaribia, na mimi kuoka mkate ule siwezi.

Anastas


Gabrovo, 15 Januari 1995

Dada yangu Dobrinka,

Nakusalimu kwa upole. Zile barua tatu za kwanza zichome. Mama hajambo. Mkate nilioka. Aliuonja, akasema wa kwako ni mbaya zaidi. Nadhani ilikuwa kunifariji.

Nilidhani rejeta ikishawaka nitalala. Chumba kikubwa kina nyuzi ishirini na mbili kamili, sikukosea hata nusu. Boila ya Kanyo inakula makaa yake taratibu mpaka alfajiri, haitaki mtu. Nikajilaza kitandani kwako na kujiambia kwamba dada yangu alikuwa anatia chumvi.

Saa nane nikasikia sauti kutoka chumba kikubwa: "Dobrinka, Anastas kafika?"

Nikaenda mbio. "Nimefika, Mama, ni mimi."

"Vizuri," akasema, akalala.

Saa kumi tena: "Dobrinka, Anastas kafika?" Nikasema ni mimi, Mama, nimeshafika, nishike mkono. Akaushika, akaupapasa. Akasema, "Usinidanganye, Dobrinka. Wewe siku zote husema bado."

Ni hivyo kila usiku, mara tatu, mara nne. Asubuhi ananijua vizuri na kunituma maji. Nimemuuliza ameanza lini kuuliza hivyo, akasema hajawahi kuuliza kitu kama hicho, yeye si mwehu. Ikabidi nimuulize Kanyo. Akainamisha kichwa akasema mtaa mzima unajua, ni tangu wiki aliyozikwa Baba.

Kumbe ndiyo sababu. Uliniandikia kuni. Miaka tisa unaamka kumwambia bado, na mimi unaniandikia kuni! Kweli kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa nimekilalia, na nimewajua wote kwa majina.

Nami nina la kukwambia. Reli haikuwa na theluji. Nilikuwa Varna stesheni siku mbili, tiketi ipo mfukoni, kila treni inaondoka nami nimekaa. Niliogopa kumwona Baba amelazwa mle ndani. Halafu niliona aibu kwamba niliogopa, na aibu nayo ikawa inazidi kila mwaka, mpaka ikawa rahisi kusema goti. Goti langu ni zima, Dobrinka. Halijawahi kuniuma.

Sikuulizi tena unarudi lini. Nakuuliza kitu ambacho sikuwahi kukuuliza. Unalalaje huko?

Ndugu yako,
Anastas


Varna, 27 Januari 1995

Mdogo wangu Anastas,

Asante kwa salamu zako, hizi za sasa zimefika. Mimi ni mzima. Bahari ni kubwa vya kutosha, na shakwe wako hawana adabu. Kitambaa cha meza nimekiona. Nimekifua mara mbili, kile chumba kilichopinda hakitoki.

Habari ya theluji nilikuwa naijua. Padri alikuja kwa treni siku ileile ya maziko, akasema reli kavu, hata chembe ya theluji hakuna. Sikukwambia kwa sababu ulinieleza kwa urefu sana, nikaona unaihitaji. Nami nilikudanganya ukuta mzima, kwa hiyo tusameheane.

Ya usiku sikukuandikia kwa sababu isingekuwa barua tena, ingekuwa mashtaka. Nilitaka uje kwa miguu yako, usije kwa kuburutwa.

Siku uliposhuka nilikuwa nyuma ya kibanda cha magazeti. Nikakuona na futi yako mkononi, mzee mwenye mvi. Nilikuwa ningali namtarajia yule kijana aliyehamia Varna. Nililia kidogo. Kisha nikaangalia saa, nikapanda.

Pasaka nitakuja. Usiondoke siku hiyohiyo, tugonge mayai ya sikukuu wote watatu mezani, tuone la nani litabaki zima. Baada ya hapo tutapeana zamu kama watu wenye akili. Akikuuliza usiku, usibishane naye, usimwambie bado. Mwambie Anastas kafika, amekula, amelala. Mimi sikuweza kamwe kumwambia hivyo, lakini wewe unaweza.

Unauliza nalalaje. Usiku wa kwanza sikulala kabisa. Kila saa mbili nilikuwa nimesimama katikati ya chumba chako natafuta kuni, na mara moja nilijisikia nasema "bado" gizani, kwa sauti, na hakuna aliyeuliza. Wiki nane zilikwenda hivyo. Jumatatu hii nilijilaza saa tatu za usiku, nikafumbua macho nikaona jua limefika mpaka kwenye miguu ya meza, saa inasema saa nne. Nikadhani imesimama. Nimelala saa kumi na tatu, ndugu yangu, na hakuna aliyeniita.

Dobrinka